Mkanda Wangu Ndani ya Bunduki ya Zagayu

Mjomba wangu wa Bariadi ana bunduki tatu za upepo kwenye ukuta wa sebule, na kibali cha kila moja kimo ndani ya bahasha ya plastiki nyuma ya picha ya harusi yake. Ni dereva mstaafu wa serikali. Wenzake wakistaafu wananunua ng'ombe. Yeye alianza kutafuta bunduki kuukuu, zile za kukunja mtutu, zilizokuja huku na mapadri na mabwana shamba wa zamani, kisha zikasahauliwa darini mwa watu.

Bunduki hizi hazina baruti. Unakunja mtutu, springi inajikaza ndani. Unaweka kidonge kidogo cha risasi, unaurudisha mtutu, unafyatua. Springi inasukuma pistoni, pistoni inasukuma upepo, upepo unasukuma kidonge. Sauti yake ni kama mtu amepiga kofi mto wa kulalia. Ikumbuke sauti hiyo, maana kisa chote kiko hapo.

Mimi ni miguu ya mjomba. Niliacha shule kidato cha pili kwa sababu ambayo hadi leo siwezi kuieleza vizuri kuliko kusema kwamba dirisha la darasa letu lilitazama barabara iendayo Lamadi. Tangu hapo nimebeba dagaa Lamadi, nimeshona magunia ya pamba, nimetengeneza baiskeli Nkololo, nimechimba visima Migato. Sijawahi kuona mahali pamoja msimu ukianza na ukiisha. Mjomba alisema mtu wa namna hiyo hafai kuoa wala kuajiriwa, lakini kwa kutafuta bunduki za zamani Mungu hajaumba mwingine.

Akanifundisha. Darasa lilikuwa kibarazani kwake, na tofauti na lile la kwanza, hili sikulikimbia.

"Kwanza karatasi," alisema. "Bunduki isiyo na kibali usiiguse, usiisifie, usiulize hata ilinunuliwa wapi. Unaaga, unaondoka."

"Hata kama ni nzuri?"

"Hasa kama ni nzuri."

Baada ya karatasi, skrubu. Mjomba hatazami mtutu kwanza, hatazami kitako. Anatazama vichwa vya skrubu. Mfereji wa skrubu ukiwa umetafunwa, ujue kuna mtu aliingia humo ndani na bisibisi ya kubahatisha, na alichokitoa huenda hakukirudisha. Halafu namba na chapa ya kiwanda: zisomeke, zisiwe zimesagwa kwa msasa na mtu aliyetaka chuma king'ae. Kutu ya juu isikutishe. Kutu ya ndani ya mtutu ndiyo ya kuogopa, na utaiona ukiukunja mtutu na kuchungulia ukiwa umeuelekeza juani. Kitako kilichopasuka pale shingoni kimewahi kuangushwa, au kilitumika kupigia nyoka. Kitako kilichopakwa vanishi mpya kinaficha jambo.

"Na mtutu uliopinda kwenda juu?" nilimuuliza siku moja.

Alininyooshea kidole chake cha shahada, ambacho kimekunjika kama mpini wa mwavuli. "Mtu akifyatua wakati mtutu umekunjwa, unarudi kwa nguvu ya springi yote. Kinachopinda ni mtutu au kidole. Mimi niliokoa mtutu."

Lakini ugonjwa mkubwa wa bunduki hizi uko ndani, kwenye washa ya ngozi iliyoko kichwani mwa pistoni. Ngozi hiyo ndiyo inayozuia upepo usipite pembeni. Miaka ikipita inakauka, inakuwa kama kipande cha biskuti, na bunduki inabaki kukohoa. Dawa yake ni kuilainisha kwa mafuta, na ikiwa imekufa kabisa, kukata mpya kutoka kwenye ngozi nene. Baada ya hapo, mjomba alisema, matone mawili ya mafuta kwa msimu.

"Mawili," alirudia, akiinua kile kidole kilichopinda na kingine kizima. "Ukizidisha, mafuta yanabaki mbele ya pistoni. Pistoni ikija kwa kasi, upepo unapata moto, mafuta yanalipuka. Springi inakufa polepole. Umesikia?"

Nilisikia. Naomba hilo liandikwe upande wangu.

Habari za bunduki iliyoko kijiji cha Zagayu nilizipata kwa fundi cherehani. Nilikwenda kwa baiskeli, mwezi ambao mtama unakaribia kukauka na pamba inaanza kuchanua mashambani. Mwenyewe alikuwa mama mjane wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya kutojali hata akisema jambo zito. Nilimkuta anapigapiga sufuria kwa mwiko pembeni ya shamba.

"Mwadila, mayu," nilimsalimia kwa Kisukuma, nikimwita mama.

"Mwadila. Kama unauza dawa ya mchwa, nimeshanunua. Haifanyi kazi."

Nikamweleza shida yangu. Akaniangalia, akaangalia baiskeli, akaingia ndani. Alirudi na kitu kimefungwa kwenye khanga, na juu yake karatasi. Nilisoma karatasi kwanza, mara mbili. Mume alipofariki, mama huyu alikwenda polisi mara nne hadi kibali kikahamishiwa kwa jina lake. Ndipo nikafungua khanga.

Skrubu zote zilikuwa hazijawahi kuguswa na mjinga yeyote. Namba ilisomeka. Kitako cha mti mweusi, hakina ufa, kimelainishwa na mashavu ya watu wawili watatu waliokwisha kufa. Niliuelekeza mtutu kwenye jua: safi kama koo la filimbi. Moyo ulinidunda hadi nikaogopa mama atausikia na kupandisha bei. Kasoro ilikuwa moja tu. Ilipofyatuliwa, kidonge kilitoka taratibu, kikadondoka hatua tatu mbele yetu. Mama alikiokota, akanipa.

"Washa," nilisema. "Ngozi imekauka. Naweza kuitengeneza."

Hapo ndipo alipotoa sharti lake. Aliuonyesha mtama kwa mwiko. Kwelea kwelea walikuwa juu yake kama wingu lililoshuka kupumzika. Akipiga sufuria waliinuka upande huu wakakaa upande ule.

"Zimebaki siku nane nivune," alisema. "Jirani wa upande wa mto amebakiwa na mabua. Mimi nina wajukuu wanne na chakula chao cha mwaka ni hicho unachokiona kinaliwa. Itengeneze bunduki, ilinde mtama. Nikivuna, tunakwenda wote polisi, tunahamisha jina, unaichukua. Nisipovuna, hata mzinga wangu wa nyuki hutauona."

Nilipaswa kusema ukweli. Bunduki ya upepo inaweza kumwangusha njiwa mmoja aliyesimama. Kwelea elfu kadhaa itawafanya nini, kwa sauti ya kofi la mto? Lakini nilikuwa nimeshaushika ule mtutu. Nikasema, "Mayu, usiwe na wasiwasi."

Nilifungua skrubu kwa adabu zote, nikaitoa springi nikiwa nimeikandamiza kwa goti, nikaitoa pistoni. Washa ilivunjika mkononi kama kaukau. Sasa nitapata wapi ngozi nene, halisi? Tulizunguka nyumba nzima. Viatu vilikuwa vya plastiki. Pochi ilikuwa ya plastiki. Ngozi ya mbuzi iliyokuwa ukutani ilikuwa nyembamba mno. Mwishowe mama alinitazama kiunoni.

"Huo je?"

Ulikuwa mkanda alioninunulia mjomba, ngozi ya ng'ombe kamili, kitu pekee nilichokuwa nacho ambacho kingekuwepo hata baada yangu. Nikauvua. Nikakata duara kwa kisu, nikalichonga, nikalikalisha kwenye kichwa cha pistoni hadi likatosha. Suruali nikaifunga kwa uzi wa katani uliotoka kwenye gunia.

Kesho yake asubuhi, ngozi ikiwa imelala kwenye mafuta usiku kucha, nilirudishia kila kitu. Likabaki suala la matone mawili. Mama alileta chupa ya mafuta ya pamba. Nilichovya kijiti, nikadondosha tone moja. Nikachovya tena.

"Unafanya nini?" aliuliza.

"Natia mafuta, mayu. Mawili yanatosha."

"Matone?" Uso wake ulibadilika. Nilimwona anageuka kutazama njia, kama mtu anayeogopa majirani wasione. "Hapa kwangu? Pamba tunalima sisi, mafuta tunakamua sisi, halafu mgeni anachovya kijiti kama tuna msiba? Lete hapa."

"Mayu, kitaalamu—"

"Lete hapa, ng'wanone," alisema, kama anayemwamuru mwanawe.

Anayejua watu wetu anajua kwamba hapo hapana mjadala. Kwetu kitu kikavu kinapakwa hadi king'ae, mgeni anamiminiwa hadi aseme basi, na hata akisema basi anaongezwa. Mwenye nyumba akipimapima mafuta anakuwa amejitukana mwenyewe. Mama alimimina. Nilisema basi. Akaongeza.

Tulisimama pembeni ya shamba. Niliweka kopo juu ya kichuguu, nikalenga, nikafyatua.

Sijawahi kuwa karibu na baruti, lakini nadhani ndivyo inavyolia. Mlio uligonga kilima cha upande wa pili ukarudi. Moshi wa bluu ulitoka kwenye mtutu, ukatoka na pale mtutu unapokunjika, ukanivaa usoni, na moshi ule ulinukia maandazi. Kopo lilikuwa bado liko pale pale. Mimi nilikuwa nimekaa chini.

"Marehemu haikumlilia hivi," mama alisema.

Kabla sijajibu, kutoka shamba la pamba la jirani mtu alipiga mwano. Mgeni wa Usukumani ni lazima aambiwe: mwano ni ukelele wa hatari, na ukipigwa, kila mwanaume mwenye miguu anaacha alichoshika na kukimbilia unakotoka. Asiyekuja anatozwa faini. Anayeupiga bila sababu anatozwa pia. Siku hizi unapigwa kwa mdomo, kisha kwa filimbi, kisha kwa simu, kwa hiyo haikupita hata robo saa uwanja wa mama ukawa umejaa sungusungu, wenye fimbo, wenye pinde, mmoja na jembe la palizi, mwingine na povu la sabuni masikioni.

Kamanda wao alikuwa mfupi mwenye kofia ya sufu, jua lote lile.

"Weka chini hiyo kitu! Mikono juu!"

Niliweka bunduki chini. Nikainua mkono mmoja.

"Nimesema mikono!"

"Kamanda, siwezi."

"Huwezi? Umeficha nini?"

"Sijaficha. Nazuia kisionekane." Uzi wa katani ulikuwa umekatika nilipoanguka.

Kuna mtu alicheka nyuma. Kamanda hakucheka. "Mkanda wako uko wapi?"

"Uko ndani ya bunduki."

Kwa jibu hilo nilipoteza huruma ya wachache waliokuwa wameanza kunihurumia. Mzee wa povu la sabuni alisema kwa kimombo cha redioni kwamba huyu ni *mental*, apelekwe hospitali. Mama akatoa kibali chake. Kamanda alikisoma, akakigeuza, akakisoma upande usio na kitu. Kisha akainama, akanusa mtutu. Akanusa tena.

"Risasi gani inanukia maandazi?"

Nikaeleza. Washa, ngozi, pistoni, upepo, mafuta. Nilieleza vizuri, nadhani ndiyo hotuba nzuri kuliko zote nilizowahi kutoa, mkono mmoja hewani na mwingine kiunoni. Nilipomaliza, jirani aliyepiga mwano alisogea mbele. Alikuwa na shida yake.

"Anasema ni upepo. Kama ni upepo, basi mimi nimepiga mwano wa bure na nitatozwa. Upepo haulii vile. Apige tena, watu wasikie."

"Kweli," wengi walisema. "Apige tusikie."

Kamanda alikubali. Mtu aliniazima kamba ya ng'ombe, nikajifunga suruali. Nikaweka kidonge, watu wote wakarudi nyuma yangu, watatu wakashika simu kupiga picha. Nikafyatua.

Ilikuwa mbaya kuliko mara ya kwanza. Kamanda alipoteza kofia. Jirani aliruka kwa furaha: "Mmeona? Mmesikia? Upepo huo?" Watu walipigana vikumbo, wakakohoa moshi, wakabishana kama ule ni mlio wa kupigiwa mwano au siyo. Mama peke yake alikuwa hatazami bunduki. Alikuwa anatazama shamba.

"Nyamazeni," alisema.

Tukageuka. Kwelea wote walikuwa angani. Si upande huu kwenda upande ule. Wote, wamejikusanya kama moshi wa pili, wanaelekea mtoni na zaidi ya mto, wakawa nukta, wakawa hawapo. Mtama ulisimama wima peke yake, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nilisikia majani yake yakisuguana.

Kesi ilikwisha haraka. Jirani alisamehewa, kwa kuwa mlio ulikuwa mlio. Mwenye kosa nikawa mimi, kwa kushtua kijiji. Kamanda aliuliza nina mbuzi. Sina. Nina kuku? Sina. Nina makazi? Hapo nilisita, na mama akanisaidia.

"Mtozeni siku nane. Akae hapa alinde mtama kwa mlio huo huo, na mtendaji aambiwe ili watu wasikimbie kila mara."

Watu walisema ni faini nyepesi. Hawakunijua. Siku nane mahali pamoja, pasipo barabara ya kutazama!

Siku mbili za kwanza nilifyatua kila ndege walipotokea mtoni. Nililala mchana kwa zamu ya dakika tano tano. Kila mlipuko niliusikia kwenye springi: baada ya kishindo kulikuwa na mtetemo mdogo wa chuma kinacholalamika, na kila mara ulikuwa mrefu zaidi. Bunduki iliyovuka miaka yote ile bila kuguswa na bisibisi nilikuwa naiua mwenyewe, kwa ratiba.

Siku ya tatu nilishindwa kuvumilia. Mama alipokwenda kisimani nikaifungua, nikafuta mafuta yote kwa pamba mpya, nikatia matone mawili kwa kijiti. Nikaweka karatasi ya sigara juu ya pale mtutu unapokunjika, nikafyatua: karatasi haikutikisika, maana yake upepo hauvuji hata chembe. Nikalenga kopo. *Pu.* Kopo likaanguka. Nikalisimamisha, nikarudi mbali zaidi. *Pu.* Likaanguka. Mara tatu kati ya tatu. Sijawahi kutengeneza kitu kikamilifu namna ile, wala kabla wala baadaye. Nilipoinua macho nitafute mtu wa kumwonyesha, nikawaona kwelea. Walikuwa wamejipanga juu ya mtama wanakula, wametulia kabisa, kama watu waliopata mapumziko baada ya kelele za mwenye nyumba.

Mama alikuja mbio, ndoo imemwagika nusu.

"Imekuwaje? Mbona inakohoa?"

"Haikohoi, mayu. Imepona."

Alitazama masuke yanavyoinama kwa uzito wa ndege. Hakupandisha sauti. "Basi irudishie ugonjwa wake."

Alinipa chupa. Safari hii hakumimina yeye, alinisubiri. Nikamimina mwenyewe hadi akasema basi, nikaongeza.

Siku ya nane alivuna. Wanawake wa jirani walikuja kusaidia kukata, jirani wa mwano naye akaja, na kamanda alipita akanywa togwa akajifanya amekuja kukagua. Masuke yalilala kwenye turubai, mengi kuliko nilivyodhani, mekundu, mazima. Mama aliyazunguka mara mbili. Kisha akaingia ndani, akatoka na kile kifurushi cha khanga na karatasi juu yake, akavilaza magotini pangu.

"Tulisema. Kesho twende polisi tukabadili jina."

Nilifungua khanga. Nilitazama skrubu zake, ambazo mjinga wa kwanza kuzigusa nilikuwa mimi. Nilitazama shamba la mabua, nikafikiri mwakani yatakuwa mtama tena, na ng'ambo ya mto wale ndege hawajafa, wamekwenda tu. Nikaifunga tena.

"Mayu, mjomba hataitaka. Ina kasoro."

"Kasoro gani?"

"Inatoa moshi. Inapiga kelele."

"Hiyo ndiyo kasoro?"

"Kwa wakusanyaji ni kubwa sana."

"Basi wakusanyaji hawalimi," alisema, akaichukua, akairudisha ndani haraka, kama mtu anayeogopa nitabadili mawazo. Niliondoka Zagayu nikiwa na debe la mtama nyuma ya baiskeli na kamba ya ng'ombe kiunoni.

Mjomba alinipokea kibarazani na daftari lake. Nikamsomea hali ya bunduki: springi imechoka, washa si ya kiwanda, chumba cha upepo kina masizi, skrubu mbili zimekwaruzwa.

"Nani kazikwaruza?"

"Mtu fulani."

"Wajinga hawaishi," alisema, akapiga mstari juu ya Zagayu. Baada ya kidogo akanitazama kiunoni, akauliza mkanda wake uko wapi. Nilimwambia umebaki kazini.

Jana, mwaka mzima ukiwa umepita, simu iliita nikiwa Lamadi. Sauti ya kutojali ilisema ngozi imekatika, mtama una siku kumi, na kwelea wameonekana mtoni. Nilimwambia nakuja. Kesho natoka alfajiri, na nimeshajaribu kupanda baiskeli nikiwa nimevaa mikanda miwili. Inabana kidogo, lakini inawezekana.